Makadirio ya gharama yanapopotoka: mwongozo kamili wa kurekebisha mipango ya maulizo kwenye majedwali ya nje ya PostgreSQL

Kiendelezi cha postgres_fdw, ambacho kimekuwa sehemu ya PostgreSQL tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, humwezesha mtumiaji kuliuliza jedwali lililo kwenye seva nyingine kana kwamba limo ndani ya hifadhidata yake mwenyewe. Urahisi huo ndio unaoficha tatizo. Kipangaji cha maulizo, yaani sehemu ya PostgreSQL inayoamua jedwali lipi lisomwe kwanza na kwa njia ipi, hufanya uamuzi wake kwa kulinganisha gharama za kukadiria, na linapokuja suala la jedwali la nje, yaani hilo lililo kwenye seva nyingine, mara nyingi hakina chochote cha kukadiria nacho. Ulizo ambalo lingemalizika kwa nusu sekunde huchukua dakika ishirini, na anayelisubiri huanza kuulaumu mtandao au kuomba seva kubwa zaidi.

Marekebisho yake yana mpangilio ambao haufai kugeuzwa: idadi ya safu hurekebishwa kwanza, kinachotumwa upande wa pili hukaguliwa baada ya hapo, na namba za gharama huguswa mwisho. Anayeanza na namba za gharama hupata ulizo moja linalokwenda vizuri na mengine kadhaa yanayoharibika, kwa sababu gharama huzidishwa kwa idadi ya safu, na idadi ikiwa ya uongo hakuna kizidisho kitakachoifanya kuwa ya kweli.

Tutumie mfano mmoja mwongozo mzima. Seva ya hapa ina jedwali la kawaida liitwalo wateja, lenye safu 5,000. Seva ya mbali ina jedwali la malipo, lenye safu milioni 40 na faharasa kwenye safuwima ya mteja_id, nalo limesajiliwa hapa kama jedwali la nje. Ulizo linalosumbua ni hili:

```
SELECT w.jina, m.tarehe, m.kiasi
FROM wateja w JOIN malipo m ON m.mteja_id = w.id
WHERE w.mkoa = 'Dar es Salaam' AND w.wilaya = 'Temeke'
  AND m.tarehe >= DATE '2024-01-01';
```

Hatua ya kwanza: jua kipangaji kinaamini nini

Kabla ya kubadili chochote, endesha EXPLAIN (ANALYZE, VERBOSE), amri inayoonyesha mpango wa ulizo pamoja na matokeo yake halisi, mbele ya ulizo lako. Tazama kila mstari wenye maneno Foreign Scan, yaani usomaji wa jedwali la nje, kisha linganisha idadi ya safu iliyokadiriwa na idadi halisi iliyopatikana. Tofauti ya mara mbili au tatu haina haja ya kukukosesha usingizi. Tofauti ya mara elfu ndiyo chanzo cha shida. Kumbuka pia kuisoma namba ya loops, kwa sababu idadi ya safu inayoonyeshwa ni wastani wa kila mzunguko. Foreign Scan yenye safu 3 na loops 50,000 imekwenda kwenye seva ya mbali mara elfu hamsini, hata kama inaonekana ndogo.

Jedwali la nje ambalo halijawahi kufanyiwa ANALYZE, yaani amri ya kukusanya takwimu za jedwali, hutambulika kirahisi. Kuanzia toleo la 14, reltuples yake, yaani idadi ya safu iliyorekodiwa, huwa -1:

```
SELECT relname, reltuples FROM pg_class WHERE relkind = 'f';
```

Katika hali hiyo postgres_fdw hujifanya kwamba jedwali lina kurasa 10 za baiti 8,192, na hugawanya ukubwa huo kwa upana wa safu moja pamoja na baiti 24 za kichwa chake. Ukiomba safuwima moja ya aina ya integer, yenye baiti 4, hesabu ni 81,920 kugawanya kwa 28, na jibu ni safu 2,925. Ukiongeza safuwima moja ya text, ambayo hukadiriwa kuwa na baiti 32, idadi inashuka hadi 1,365. Maana yake ni kwamba jedwali lilelile "huongezeka" au "hupungua" kwa kutegemea safuwima ulizoomba, jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa linaamua mpango mzima. Ukikutana na 2,925 au 1,365 kwenye mpango, huna haja ya uchunguzi zaidi, kwani hakuna takwimu zilizotumika hapo.

Gharama nayo hujengwa juu ya namba hiyo ya kubuni. Kwa safu 2,925, matoleo hadi la 16 huonyesha gharama ya 197.75, inayotokana na 100 za kuanzia, 10 za kusoma kurasa, 29.25 za kuchakata safu upande wa mbali, 29.25 za kuzisafirisha na 29.25 nyingine za kuzipokea hapa. Jedwali letu la safu milioni 40 limeandikiwa bei ya jedwali la majaribio.

Athari yake kwenye mfano wetu ni mbaya kwa njia mbili. Kipangaji kinaona kwamba malipo ni jedwali dogo, hivyo kinachagua Hash Join, njia ya kuunganisha majedwali kwa kulipanga moja lao kwenye kumbukumbu, na kuzivuta safu zote za malipo zinazotimiza sharti la tarehe, ambazo zinaweza kuwa mamilioni, badala ya kuuliza habari za wateja wachache tu wa Temeke. Tena, kwa kuwa Hash hujengwa juu ya upande unaodhaniwa kuwa mdogo, kipangaji kinaweza kuijenga juu ya malipo. Mamilioni ya safu yanajaa kwenye kumbukumbu ya work_mem, ambayo bila kubadilishwa ni megabaiti 4, na yanayozidi yanamwagikia diski.

Hatua ya pili: lipe jedwali la nje takwimu zake

Dawa ya kwanza ni fupi:

```
ANALYZE malipo;
```

Lazima jedwali litajwe kwa jina. Amri ya ANALYZE isiyo na jina huyaruka majedwali ya nje, na autovacuum, kazi ya PostgreSQL inayojiendesha yenyewe na kutunza takwimu, haiyagusi kabisa, kwa hiyo takwimu ulizokusanya leo zitabaki vilevile mpaka mtu azikusanye upya. Panga kazi hiyo kwenye cron ya seva, usiku au wakati wowote matumizi yanapokuwa madogo, na iendeshwe kwa kadiri data za mbali zinavyobadilika. Jedwali la malipo linalopokea safu mpya kila siku linastahili ANALYZE ya kila siku au kila wiki. Jedwali la majina ya mikoa linaweza kukaa mwaka mzima.

Ikiwa seva ya hapa ni ya toleo la 15 au la nyuma yake, fahamu kwamba ANALYZE ya jedwali la nje husafirisha jedwali zima kupitia mtandao, kisha huchagua sampuli hapa. Kwa chaguo-msingi sampuli yenyewe ni safu 30,000 tu, lakini ili izipate itavuta zote milioni 40. Toleo la 16 lilileta chaguo la analyze_sampling, ambalo huiachia seva ya mbali kazi ya kuchagua sampuli, na thamani yake ya kawaida, auto, inafaa kwa wengi. Kwa maoni yangu hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kupandisha toleo, kwa yeyote mwenye majedwali makubwa ya nje.

ANALYZE ya hapa haigusi takwimu za seva ya mbali. Ikiwa seva hiyo yenyewe ina takwimu zilizochakaa, itachagua njia mbaya ya kutekeleza sehemu yake hata kama upande wako umepanga vizuri. Mwombe msimamizi wa huko athibitishe kwamba autovacuum inafanya kazi kwenye majedwali unayoyatumia.

Kuna kosa jingine la idadi ambalo ANALYZE ya kawaida hailirekebishi, nalo ni safuwima zinazotegemeana. Kila mteja wa Temeke yuko Dar es Salaam, lakini kipangaji hakijui jiografia. Huzidisha uwezekano wa mkoa kwa uwezekano wa wilaya kana kwamba havihusiani, na matokeo huwa idadi ndogo kuliko ukweli. Tiba ni amri ya CREATE STATISTICS, ambayo hukubali majedwali ya kawaida na ya nje pia:

```
CREATE STATISTICS wateja_mahali (dependencies, mcv)
  ON mkoa, wilaya FROM wateja;
ANALYZE wateja;
```

Katika ulizo letu hitilafu hii iko upande wa hapa, lakini athari yake inavuka mpaka: kipangaji kikidhani kuna wateja 2 kumbe wapo 600, kinaweza, ikiwa chaguo la hatua ya nne limewashwa, kuona ni nafuu kwenda seva ya mbali mara moja kwa kila mteja, na safari hizo zikawa 600.

Hatua ya tatu: soma mstari wa Remote SQL

VERBOSE huonyesha, chini ya kila Foreign Scan, ulizo halisi linalotumwa. Usome kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mpango. Ikiwa sharti lako limo ndani ya WHERE ya Remote SQL, seva ya mbali ndiyo inayochuja. Ikiwa sharti limebaki hapa kwenye mstari wa Filter, safu zote zinasafiri kwanza ndipo zichujwe, na Rows Removed by Filter itakuonyesha ni ngapi zimesafirishwa bure.

postgres_fdw hutuma tu kile inachoamini kitatoa jibu lilelile pande zote mbili: operesheni na funksheni zisizobadilika, ambazo ni za PostgreSQL yenyewe au za viendelezi ulivyovitaja kwenye chaguo la extensions. Mtego mkubwa hapa ni tarehe. Sharti la m.tarehe >= CURRENT_DATE - 30 halitumwi, kwa kuwa CURRENT_DATE hutegemea saa ya seva na kanda ya saa ya kipindi husika. Liandike hivi:

```
WHERE m.tarehe >= (SELECT CURRENT_DATE - 30)
```

Sasa thamani inakokotolewa hapa mara moja, inakuwa kigezo, na kigezo hicho hutumwa kwenye seva ya mbali. Badiliko la mabano na neno moja linaweza kupunguza usafirishaji kutoka mamilioni ya safu hadi maelfu.

Hatua ya nne: amua kuhusu use_remote_estimate

Chaguo hili kwa kawaida limezimwa. Likiwashwa, kipangaji cha hapa hutuma EXPLAIN kwenye seva ya mbali na kupokea idadi ya safu na gharama kutoka kwa yule anayezijua data. Laweza kuwashwa kwa seva nzima au kwa jedwali moja:

```
ALTER FOREIGN TABLE malipo
  OPTIONS (ADD use_remote_estimate 'true');
```

Wengi huliona kama njia ya kupata usahihi zaidi tu, lakini linafanya jambo kubwa kuliko hilo. Likiwa limezimwa, postgres_fdw haijengi kabisa njia za kusoma jedwali la nje kwa kigezo kinachotoka kwenye jedwali jingine. Kwa maneno mengine, mpango wa kuchukua mteja mmoja wa Temeke, kutuma WHERE mteja_id = $1, kisha kwenda kwa mteja anayefuata, haumo hata kwenye orodha ya mipango inayolinganishwa. Unaweza kukusanya takwimu safi kabisa na bado Hash Join ikavuta mamilioni ya safu, kwa sababu hakukuwa na mshindani. Kwa ulizo la jedwali dogo la hapa na jedwali kubwa la mbali lenye faharasa, kuliwasha mara nyingi ndiko kunakomaliza kazi.

Bei yake inalipwa wakati wa kupanga. Kila njia inayofikiriwa inaweza kuhitaji EXPLAIN yake, na kila EXPLAIN ni safari ya mtandao. Ulizo linalogusa jedwali moja halitahisi chochote. Ulizo linalogusa jedwali lililogawanywa kwa miezi 36, kila mwezi ukiwa jedwali la nje, laweza kutumia muda mrefu kupangwa kuliko kutekelezwa. Tazama mstari wa Planning Time kabla na baada. Ndiyo maana napendelea kuliwasha kwenye majedwali machache makubwa, badala ya seva nzima.

Makadirio ya mbali nayo yana kasoro zake. Gharama zinazorudi zimepimwa kwa vipimo vya seva ile: ikiwa huko random_page_cost imewekwa 1.1 kwa ajili ya diski za SSD na hapa imeachwa kwenye 4, unajumlisha fedha za nchi mbili bila kubadilisha sarafu. Zaidi ya hayo, postgres_fdw hutekeleza ulizo lake kupitia kielekezi cha DECLARE CURSOR, kinacholeta safu kwa mafungu, wakati EXPLAIN iliyotumwa ilikuwa ya SELECT ya kawaida. Kielekezi hakitumii mipango ya sambamba, na kipangaji cha mbali hukiandalia mpango kwa kudhani kwamba ni sehemu ya kumi tu ya safu itakayosomwa, kwa mujibu wa cursor_tuple_fraction yenye thamani ya 0.1. Gharama uliyoambiwa yaweza kuwa ya mpango mmoja, na mpango uliotekelezwa ukawa mwingine. Ukiona ulizo ni la haraka unapoliendesha moja kwa moja kwenye seva ya mbali lakini ni la polepole kupitia jedwali la nje, anza uchunguzi hapo, kisha jaribu kumpa mtumiaji wa mbali thamani ya 1:

```
ALTER ROLE msomaji SET cursor_tuple_fraction = 1.0;
```

Amri hiyo inaendeshwa kwenye seva ya mbali, na msomaji ni jina la mtumiaji aliyetajwa kwenye USER MAPPING.

Hatua ya tano: pima gharama za mtandao wako

Sasa, idadi ya safu ikiwa ya kuaminika, ni wakati wa namba mbili zinazowakilisha mtandao. fdw_startup_cost, yenye thamani ya 100, huongezwa kila jedwali la nje linaposomwa. fdw_tuple_cost huongezwa kwa kila safu, ilikuwa 0.01 hadi toleo la 16, na toleo la 17 likaipandisha hadi 0.2, kukiri kwamba thamani ya zamani iliuchukulia mtandao kama jambo la bure.

Usibahatishe namba. Endesha EXPLAIN ANALYZE ya kusoma jedwali kubwa la hapa kwa ukamilifu, kisha gawanya muda kwa gharama. Tuseme gharama ni 20,000 na muda ni milisekunde 400: uniti moja ya gharama kwenye mashine yako ni sawa na milisekunde 0.02. Pima pia muda wa kwenda na kurudi hadi seva ya mbali kwa kuendesha SELECT 1 huko ukiwa umewasha \timing. Ukipata milisekunde 20, safari moja ni uniti 1,000. Kusoma jedwali la nje mara moja kunahitaji angalau safari mbili, ya kufungua kielekezi na ya kuleta kundi la kwanza la safu, kwa hiyo fdw_startup_cost ya haki ni karibu 2,000, mara ishirini ya ile iliyowekwa. Ikibaki 100, kipangaji huona mizunguko mingi kuwa nafuu, kwani namba hii huhesabiwa upya kwa kila mzunguko: mizunguko 50,000 ya milisekunde 40 ni sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa ya kusubiri mtandao tu.

Kwa upande wa safu, kumbuka fetch_size, ambayo huamua ni safu ngapi ziletwe kwa safari moja. Thamani yake ni 100, na kipangaji hakiitazami kabisa kinapokadiria gharama. Kwa mtandao wetu, safu 100 kwa milisekunde 20 ni milisekunde 0.2 kwa kila safu, yaani uniti 10. Safu milioni moja zitahitaji safari 10,000, sawa na sekunde 200. Ukiipandisha fetch_size hadi 5,000, kila safu hubeba milisekunde 0.004, yaani uniti 0.2, na safu zilezile milioni moja hutumia sekunde 4 za safari, ukiacha muda wa kupitisha baiti zenyewe. Kwa hiyo badili fetch_size kwanza, kisha uandike gharama inayolingana nayo:

```
ALTER SERVER tawi OPTIONS (
  ADD fetch_size '5000',
  ADD fdw_startup_cost '2000',
  ADD fdw_tuple_cost '0.2');
```

Kama chaguo lilikuwa limeshawekwa, tumia SET mahali pa ADD. Safu zako zikiwa pana sana, mathalani zenye nyaraka nzima ndani yake, punguza fetch_size, kwa kuwa kila kundi hukaa kwenye kumbukumbu ya seva ya hapa.

Hatua ya sita: thibitisha kwenye pande zote mbili

Rudia EXPLAIN (ANALYZE, VERBOSE), kisha usiishie hapo. Kwenye seva ya mbali, mwombe msimamizi awashe kwa muda mfupi log_statement yenye thamani ya all kwa mtumiaji wako, kisha soma faili za kumbukumbu (log) za seva hiyo. Mfululizo mrefu wa FETCH 100 FROM c1 unaonyesha kwamba fetch_size haijabadilika kwa jedwali hilo, pengine kwa sababu jedwali lina chaguo lake lenyewe linaloishinda ile ya seva. Mfululizo wa DECLARE unaojirudia kwa mteja mmoja mmoja unaonyesha mizunguko ya kigezo, na hapo utahukumu kama idadi yake inavumilika.

Unapotaka kujua kama mpango mwingine ungekuwa bora, ndani ya muamala weka SET LOCAL enable_hashjoin = off au enable_nestloop = off, na ulinganishe muda halisi. Hicho ni chombo cha uchunguzi. Usikiache kwenye programu inayotumika, kwa maana kitazuia pia mipango mizuri data zitakapobadilika.

Pale ambapo kipangaji hakishawishiki

Kuna maulizo ambayo hayatatulika kwa takwimu. Ikiwa unajua wateja wanaohitajika ni wachache na huwezi kuwasha use_remote_estimate, wakusanye kwanza kisha uitume orodha yote kwa safari moja:

```
SELECT m.mteja_id, m.tarehe, m.kiasi FROM malipo m
WHERE m.mteja_id = ANY (ARRAY(
        SELECT id FROM wateja WHERE wilaya = 'Temeke'))
  AND m.tarehe >= DATE '2024-01-01';
```

Remote SQL itaonyesha mteja_id = ANY ($1::integer[]), na faharasa ya mbali itatumika. Ni njia ya kulazimisha kidogo, lakini nimeiona ikishinda kila marekebisho mengine kwenye mitandao yenye ucheleweshaji mkubwa.

Viunganishi vingine vina mipaka yao. file_fdw, kinachosoma faili kana kwamba ni jedwali, hukadiria idadi ya safu kwa kugawanya ukubwa wa faili kwa upana wa safu, na chaguo la program linapotumika, data zikitoka kwenye amri, hakuna faili la kupima wala ANALYZE haiwezekani. Kwa kiunganishi kisichotoa makadirio yake, PostgreSQL huweka safu 1,000, thamani ambayo waandishi wa msimbo wake wenyewe wameieleza kuwa ya uongo mtupu. Huko, na popote data zinapoweza kuchelewa kwa saa chache bila madhara, nakala ya hapa ndiyo jibu:

```
CREATE MATERIALIZED VIEW malipo_2024 AS
  SELECT id, mteja_id, tarehe, kiasi FROM malipo
  WHERE tarehe >= DATE '2024-01-01';
CREATE UNIQUE INDEX ON malipo_2024 (id);
CREATE INDEX ON malipo_2024 (mteja_id);
ANALYZE malipo_2024;
```

Faharasa ya kipekee inahitajika ili REFRESH MATERIALIZED VIEW CONCURRENTLY iweze kuisasisha nakala bila kuwafungia nje wanaoisoma, na kuanzia hapo autovacuum huitunzia takwimu zake kama inavyofanya kwa jedwali lolote la hapa.